Karema: Kumbukumbu za Wazee na Maandishi ya Wageni

Mwinjilisti Luka, kabla hajaanza kusimulia kuzaliwa kwa Yohana na kwa Bwana wetu, anamweleza Theofilo jinsi alivyoifanya kazi yake. Aliwategemea walioyashuhudia mambo tangu mwanzo, akayachunguza, akayapanga, ndipo akashika kalamu. Wahubiri wengi huipita aya hiyo upesi ili wafike kwa Zakaria hekaluni, na hasara ni yao, kwa kuwa ni vigumu kupata maelezo bora ya kazi inayoukabili usharika unaotimiza miaka 100. Maswali ni mawili: nani aliyeona, na nani aliyeandika? Mara nyingi aliyeona hakuandika, na aliyeandika hakukaa muda wa kutosha ili aone.

Si mahali pengi katika Tanzania panapoonyesha jambo hilo kwa uwazi kama Karema. Mji huo mdogo uko mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Kwa asili yake ni mji wa Wakatoliki, na mtu anaweza kuuliza habari zake zinatafuta nini katika kitabu cha Walutheri. Jibu ni kwamba Karema imeandikwa mno, na bado haijaandikwa. Yapo majarida ya makapteni wa Kibelgiji, daftari za mapadre, barua za maaskofu na vitabu vilivyochapwa Ulaya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini mwenyeji wa leo akitaka kujua bibi wa bibi yake alitoka wapi na aliitwaje kabla ya kubatizwa, rundo hilo lote la karatasi laweza kumwacha bila jibu. Usharika wowote unaoandaa kitabu cha jubilei utajiona katika hali hiyo kama katika kioo.

Boma na Ziwa

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wanajiografia mjini Brussels, na hapo ikazaliwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Kwa maneno yake, jumuiya hiyo ilikuwa ya kisayansi na ya kupinga biashara ya watumwa. Kwa matendo, ilikuwa mlango ambao mfalme aliupitia kuingia Kongo. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier alifika Karema, akaanzisha kituo cha kwanza cha jumuiya hiyo kando ya ziwa. Kapteni Ramaeckers aliyemfuata alifia hapo mwaka 1882. Luteni Jérôme Becker, aliyetumika pamoja naye, alirudi kwao na kuchapa mwaka 1887 kitabu cha juzuu mbili kuhusu maisha yake barani Afrika. Baadaye Luteni Émile Storms akawa mkuu wa kituo.

Kisa cha tembo nacho kimeandikwa mara nyingi, pengine kupita kiasi. Mwaka huo huo wa 1879 mfalme aligharamia tembo wanne waliofugwa na kufunzwa India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, ili ijulikane kama wangeweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi muda mrefu. Kiongozi wa msafara huo, Mwingereza Frederick Carter, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe mwaka 1880, katika vita vya Mirambo. Jina la tembo aliyefika, Pulmalla, limehifadhiwa mpaka leo. Majina ya wapagazi waliotembea kando yake kutoka pwani mpaka ziwani ni vigumu kuyapata. Hiyo ni hukumu tosha juu ya namna nyaraka za kwanza za Karema zilivyotungwa.

Hata hivyo maandishi hayo yana faida yake, hasa yanapowekwa pamoja na yale wanayoyajua wakazi. Mfano mzuri ni habari ya ziwa. Mgeni wa leo akisimama penye mabaki ya boma la Wabelgiji, ambalo mapadre walilirithi na kujenga juu yake na kandokando yake, huona kwamba maji yako mbali, naye hushangaa kwa nini watu waliotaka bandari walijenga mahali pasipo na maji. Jibu limo katika historia ya ziwa lenyewe. Mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutolea maji ya Ziwa Tanganyika kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa kwa miaka mingi na matope na matete. Kizuizi hicho kilibomoka yapata mwaka 1878. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa kiasi cha kama mita 10. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita huko wakati boma likiwa jipya, aliulaumu uchaguzi wa mahali hapo katika kitabu alichokichapa mwaka 1881. Maji yaliendelea kukimbia, na boma likabaki nchi kavu.

Kwa mwandishi wa historia jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Babu akisema kwamba zamani mitumbwi ilifungwa mahali ambapo leo pana mashamba, kijana aliyesoma atadhani ni hadithi ya jioni. Siyo. Ni ushahidi, nao unaweza kupewa mwaka. Kadhalika ziwa lilipanda tena kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960, likafikia kilele mwaka 1964, na wazee wa mwambao waliokuwa watoto wakati huo wanaweza kusema nyumba zipi zilihama na mashamba yapi yalizama. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aweza kujua kwamba alikuwa anachunga mbuzi maji yalipopanda. Kwa kumbukumbu ya namna hiyo miaka mingine mingi hupata mahali pake.

Mapadre na Daftari Zao

Baada ya mkutano wa Berlin, pwani ya mashariki ya ziwa ikawa upande wa Wajerumani, na Leopold akaona faida yake iko Kongo. Mwaka 1885 vituo vya Karema na Mpala vilikabidhiwa kwa Kardinali Lavigerie na shirika lake la Wamisionari wa Afrika, ambao wenyeji waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Lavigerie alikuwa ameanzisha shirika hilo Algiers mwaka 1868, naye alikuwa mtu wa amri zilizo wazi. Wamisionari wasikae pungufu ya watatu mahali pamoja. Wajifunze lugha ya watu. Na kila kituo kiandike daftari la habari za kila siku.

Amri hii ya tatu imeiachia Karema hazina ambayo vituo vingi vya makanisa mengine havina. Daftari la misheni hutaja mvua, njaa, wageni, chui aliyevamia zizi, ugomvi wa mirathi, ugonjwa, mazishi. Nakala na barua zilipelekwa makao makuu, na leo watafiti huzisoma Roma. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza eneo la kimisioni la Tanganyika tangu mwaka 1891 na kufia Karema mwaka 1917, alichapa Algiers mwaka 1913 kitabu kikubwa juu ya watu wa kandokando ya ziwa, mila zao na kazi zao. Kwa muda mrefu Karema ilikuwa makao ya uaskofu. Jina la jimbo lenyewe lilikuwa Jimbo la Karema, mpaka mwaka 1969 lilipobadilishwa na kuitwa Jimbo la Sumbawanga. Jimbo la Mpanda likazaliwa mwaka 2000.

Mabadiliko hayo ya majina si habari ya makasisi peke yao. Kila mpaka ulipohama, karatasi zilihama pia au zilisahauliwa. Upande wa serikali mambo ni hayo hayo. Wakati wa Waingereza Mpanda ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi, lenye makao Tabora. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ukaundwa, na Mpanda ikaunganishwa na Sumbawanga. Mwaka 2012 ukaja Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo anayetafuta barua ya kiserikali kuhusu Karema hana budi kubisha milango zaidi ya mmoja, na mara nyingine huambiwa kila mlango kwamba faili liko kwa jirani. Tena atafute kwa tahajia zaidi ya moja, kwa maana waandishi wa zamani waliandika Karema na Kalema bila kujali. R na l katika lugha za mwambao hupishana, na sikio la mgeni lilichagua ilichotaka.

Safu Tupu

Sasa yafika mahali pagumu. Misheni ya Karema haikukua kwanza kwa kuwabatiza wenyeji wa vijiji vya jirani. Ilikua kwa watu waliokombolewa utumwani. Misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na mapadre walinunua watoto, wanawake na vijana, wakawalea, wakawafundisha dini na kazi, wakawaozesha na kuwakalisha katika vijiji vya Wakristo kuzunguka kituo. Wengine walikimbilia misheni wenyewe ili wapate ulinzi wakati wa vita. Hivyo Karema ikawa jamii ya watu waliotoka kila upande: Wabende na Wapimbwe wa karibu, Wafipa wa kusini, Watabwa na Waholoholo na watu wa Manyema kutoka ng'ambo, na wengine wa mbali zaidi ambao hata jina la kwao hawakulikumbuka kwa kuwa walichukuliwa wangali wadogo mno.

Kitabu cha ubatizo katika misheni za Kikatoliki za wakati huo kiliandikwa kwa Kilatini. Kina safu ya jina la Kikristo, ya jina la baba, ya jina la mama, ya mahali pa asili, ya msimamizi. Kwa mtoto wa kijiji cha jirani safu hizo hujaa. Kwa mtoto aliyekombolewa, karani hawezi kuandika asichoambiwa, na mtoto hawezi kusema asichokijua. Safu ya wazazi hubaki tupu, au huwekwa neno la kueleza kwamba hawajulikani. Juu ya safu tupu kama hizo ndipo zilipojengwa familia ambazo leo zina wajukuu, vitukuu na vilembwe, wakiwamo walimu, wauguzi, mapadre na wavuvi.

Je, mwandishi wa historia ya mahali afanye nini na ukurasa kama huo? Wapo wasemao kwamba kweli ni kweli na yote yachapwe. Wapo wasemao kwamba aibu ya mababu ifunikwe, na huo ndio umekuwa mwenendo wa watu wengi mwambao wa bahari na mwambao wa ziwa pia; asili ya utumwa haitajwi mbele ya watu, na mwenye kuitaja huonekana anatukana. Msimamo wa kwanza husahau kwamba jina lililo katika kitabu cha ubatizo liliandikwa kwa ajili ya sakramenti, wala halikuandikwa kwa ajili ya kuchapwa. Msimamo wa pili huwafanya waliotendewa dhuluma wabebe aibu ya waliowadhulumu. Njia inayofaa ni ya taratibu zaidi: habari ya jumla ielezwe waziwazi, kwamba mji ulijengwa na watu waliokombolewa, tena kwa mikono yao, bali jina la ukoo fulani litajwe pale tu ukoo wenyewe unaporidhia, baada ya wazee wake kusomewa kilichoandikwa. Kazi hii huchukua muda. Kamati ya jubilei yenye miezi sita haitaiweza.

Na mara nyingi ukoo huwa na jibu ambalo karani hakulipata. Mama aliyechukuliwa akiwa na miaka saba hakujua jina la nchi yake, lakini alijua wimbo wa kubembeleza mtoto, alijua namna ya kuumba chungu, alijua mwiko wa ukoo wa kutokula nyama ya mnyama fulani. Mambo hayo aliwapa binti zake. Mtu mwenye subira, akiyasikia kutoka kwa mjukuu na kuyalinganisha na mila za ng'ambo ya ziwa, aweza kuisogelea nchi ambayo safu ya Kilatini iliiacha wazi. Ndiyo sababu wanawake wazee waulizwe kwanza. Kamati zetu nyingi za jubilei huanza na wenyeviti wa zamani na watunza hazina, kisha hufika kwa akina bibi nguvu zikiwa zimekwisha. Wamoraviani wa Utengule, upande wa Mbeya, walilielewa hili mapema: Elise Kootz-Kretschmer aliyaandika maisha ya wanawake kama Narwimba, waliopitia vita na utumwa, na leo hakuna mtafiti makini wa karne ya 19 katika eneo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika anayeweza kuyapita maandishi hayo.

Adrian Atiman

Katika giza hilo la majina yasiyojulikana, mtu mmoja wa Karema aliyekombolewa utumwani alisimulia maisha yake mwenyewe, na maneno yake yakachapwa. Adrian Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860 karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alinyakuliwa, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie alitaka vijana wa Kiafrika wafundishwe uganga ili wawe madaktari na makatekista kwa pamoja, akaanzisha shule ya namna hiyo katika kisiwa cha Malta. Atiman alisoma huko, kisha akasafiri pamoja na msafara wa wamisionari kutoka pwani mpaka ziwani. Alifika Karema mwaka 1889, na hakuondoka. Alifariki huko mwaka 1956, baada ya kutibu watu kwa zaidi ya miaka 60.

Mtu aliyezaliwa Sudani ya Magharibi akawa mzee wa Karema. Alimwoa Agnes, binti wa kiongozi wa Wabende, na mwana wao alipata kuwa padre. Kwa ndoa hiyo aliingia katika ukoo wa wenyeji, akapata shemeji, wakwe na kaburi. Anayebishana kwamba historia ya mahali ni ya wale tu waliozaliwa hapo hana la kusema mbele ya Atiman.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa likisomwa zaidi na maofisa wa Kiingereza, lilichapa masimulizi ya Atiman juu ya nafsi yake. Habari hiyo ni ndefu, na thamani yake inatokana na kwamba msimulizi anaieleza safari ya mtumwa kutoka ndani, kwa macho ya mtoto, kisha anaieleza Karema kwa macho ya tabibu anayejua kila nyumba ina mgonjwa gani. Hata hivyo lazima isemwe kwamba masimulizi hayo yaliwafikia wasomaji kwa Kiingereza, katika jarida ambalo majirani zake wengi hawakulisoma. Jina lake limewekwa juu ya jengo la kale la Mapadre Weupe mjini Dar es Salaam, Atiman House, na maelfu hupita hapo wakielekea kwenye vivuko bila kujua alikuwa nani. Kurudisha maneno ya mzee huyo kwa Kiswahili, yakasomwe Karema kwenyewe, ni kazi ambayo shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja mwenye bidii ingeweza kuifanya.

Tukio Moja, Masimulizi Mawili

Yupo msomaji atakayeuliza kama kumbukumbu za mdomo zaweza kuaminiwa hata kidogo. Jibu lipo ng'ambo ya ziwa. Storms, aliyekuwa mkuu wa Karema, alivuka mwaka 1883 akaanzisha kituo cha Mpala, ambacho leo kiko Kongo. Huko alishindana na mtawala wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako liliwekwa katika makusanyo ya taasisi ya sayansi mjini Brussels. Storms aliandika habari hiyo kama ushindi juu ya mfanyabiashara wa watumwa.

Takriban miaka 90 baadaye, katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Allen Roberts aliishi miongoni mwa Watabwa akawasikiliza wazee wakilisimulia tukio lile lile kwa namna yao, lenye ishara, hila na maana ambazo kapteni hakuziona wala asingezielewa. Mwaka 2013 alichapa kitabu kinachoyaweka masimulizi hayo mawili uso kwa uso. Katika kitabu hicho jarida la Storms linatoa tarehe na idadi. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwa nini watu walitenda walivyotenda. Yanapogombana, msomaji hujifunza jambo ambalo hakuna upande mmoja ungemfundisha. Mwandishi wa historia ya usharika afanye vivyo hivyo: kumbukumbu ya mwinjilisti wa zamani ikipingana na muhtasari wa baraza la wazee, zote mbili zichapwe, wala mmoja asinyamazishwe kwa sababu mwingine ana muhuri.

Watu Waliohamishwa

Kumbukumbu za eneo la Mpanda zina adui mwingine asiye mchwa wala unyevu, naye ni kuhamishwa. Kwa sababu ya malale, serikali za kikoloni ziliwaondoa watu katika sehemu zenye mbung'o; wakati wa Waingereza waliwakusanya katika makazi makubwa kama Uruwira. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Kila mara watu waliacha makaburi, miti ya mipaka na majina ya mahali, na jina la mahali lisilotamkwa na mtu hufa ndani ya vizazi viwili.

Kisha wakaja waliotoka mbali zaidi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walipokewa Tanzania, na wengi wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba na baadaye Mishamo, yote mawili katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo. Hapa Walutheri wamo ndani ya habari, kwa kuwa shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishiriki pamoja na serikali na Umoja wa Mataifa katika kuyajenga makazi hayo: barabara, visima, shule, zahanati. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa wimbi hilo la 1972 na uzao wao walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki aliishi Mishamo akakusanya masimulizi ya wakimbizi hao, akayachapa mwaka 1995. Aliona kwamba watu waliokaa pamoja kambini walikuwa wametunga historia moja ya pamoja, yenye kusimuliwa karibu kwa maneno yale yale, ilhali wenzao waliotawanyika Kigoma mjini walisimulia kila mtu kivyake. Jambo hilo limfikirishe kila mwenye kinasa sauti. Wazee kumi wa mtaa mmoja wakisema neno moja, yawezekana wote wameona. Yawezekana pia wameketi pamoja miaka 30 wakisimuliana. Lazima waulizwe mmoja mmoja, nyumbani kwao, na swali la kwanza lisiwe juu ya mambo makubwa. Aulizwe mzee alilala wapi usiku wa kwanza alipofika.

Kazi Iliyobaki

Bandari mpya ya Karema, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2019 na kukamilika mwaka 2022, imekusudiwa kupokea mizigo ya kwenda Kongo. Kwa miongo mingi meli ya Liemba ilitia nanga mbali, na abiria wa Karema wakashushwa kwa mitumbwi katikati ya mawimbi na makelele. Sasa kuna gati. Bandari huleta wageni, wageni hutafuta viwanja, na viwanja hubadilisha majina. Wazee waliowahi kutibiwa na mkono wa Atiman mwenyewe wamebaki wachache, nao wamezeeka.

Kinachohitajika si kikubwa. Daftari lenye jalada gumu. Simu inayonasa sauti. Kijana anayeelewa lugha ya bibi yake, si Kiswahili peke yake. Na ruhusa ya maandishi, au ya mdomo mbele ya shahidi, kutoka kwa msimulizi. Aandike jina la msimulizi, mahali, tarehe, na nani mwingine alikuwapo. Picha za ubatizo, kipaimara na harusi zigeuzwe, majina yaandikwe nyuma kwa penseli, maana wino hupenya. Vitabu vya usharika vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla mvua za masika hazijafika kwenye kabati. Nakala moja ikae usharikani, moja dayosisi, na ya tatu ipelekwe mahali pengine kabisa, kwa sababu moto hauulizi kabati ni la nani. Kwa habari za serikali, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hupokea watafiti kwa utaratibu wake. Kwa habari za Karema ya zamani, mlango wa kwanza ni parokia, na mchungaji anayebisha hapo aende na barua ya utambulisho, asiwe na haraka.

Na pale ambapo kitabu cha ubatizo kina safu tupu, karatasi tofauti iwekwe kandokando ya nakala, kitabu chenyewe kisiguswe kwa kalamu. Juu ya karatasi hiyo mjukuu aandike anachokijua: jina la nyumbani la bibi yake, wimbo wake, mwiko wake, upande wa ziwa aliouelekea alipokuwa akilia.